Kwa mpigapicha anayekuja kuishi Palermo, kisiwani Sisilia, Italia

Mdogo wangu, usianze na kamera. Najua mikono inakuwasha. Umetoka mbali, pengine umeuza hata pikipiki ili upate lenzi nzuri, na asubuhi yako ya kwanza unataka uteremke soko la Ballarò upige kila kinachopita mbele yako. Nami nilifanya hivyohivyo mwaka 2014, nilipofika hapa nikitokea Tanga. Siku sita mfululizo nilirudi chumbani na picha za migongo, na za viganja vilivyoinuliwa kuziba nyuso.

Ballarò iko mtaa wa Albergheria, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni kuu ya treni. Wauzaji wake hunadi bidhaa kwa sauti ya kuimba, wenyewe wanaiita abbanniata, na mtu aliyekulia soko la Mgandini, Tanga, hujisikia nyumbani kwa dakika kumi za mwanzo. Baada ya hapo unaanza kuelewa. Watu hawa wananyanyuliwa simu usoni kutwa na wageni wasiosalimia wala kununua hata limau moja. Wewe mwenye kamera kubwa ni mgeni mwingine tu katika foleni hiyo, tena kamera yako inatisha zaidi.

Kilichonifungulia mlango ni karatasi. Wiki ya pili niliacha kamera chumbani, nikawa naenda kununua: nyanya kwa mmoja, zeituni kwa mwingine, kila siku watu walewale. Wiki ya tatu nikamwomba mama muuza zeituni nipige mikono yake tu. Alikubali kwa kunyanyua kidevu. Jioni nikaisafisha ile picha saizi ya posta, haikunigharimu hata euro moja, kesho yake nikampelekea. Aliitazama muda mrefu, akaifuta maji ya zeituni kwa aproni, akaibandika kwa gundi ya karatasi juu ya mizani. Hakusema asante. Alimwita jirani yake, muuza samaki, akamwambia jambo kwa Kisisilia sikulielewa, na yule bwana akajipanga wima nyuma ya meza yake, akavuta tumbo ndani, akaningoja.

Tangu siku hiyo nina sheria moja: kila sura niliyoichukua nadaiwa picha ya karatasi. Ninatembea na bahasha ya picha mkobani. Wengine nawakosa hata miezi miwili, lakini deni hulipwa. Simu haitoshi, hata kama atakuambia mtumie kwa WhatsApp. Picha ya simu inazama chini ya nyingine jioni ileile, lakini ile ya karatasi inakaa ukutani, na kila mteja anayeuliza nani kapiga ni kazi yako ya kesho. Harusi yangu ya kwanza niliyoipokea mwenyewe ilitoka kwa binamu wa muuza samaki.

Salamu zitakubeba kuliko unavyodhani. Mtu mzima asiyekuzoea mwite signora (mama) au signore (bwana) na uzungumze naye kwa Lei, yaani "wewe" ya heshima, si kwa "tu", ambayo ni "wewe" ya waliozoeana. Kosa hilo wanalisamehe kwa mgeni, ila asiyelifanya wanamkumbuka. Baada ya chakula cha mchana salamu ni buonasera, yaani habari za jioni, hata jua likiwa bado linachoma. Wazee wa sokoni wenyeji huwaita zu pamoja na jina, neno lenyewe maana yake ni mjomba, na hapo utaona adabu ya kwetu haiko mbali. Subiri wakuzoee ndipo ulitumie.

Tena una mtaji ambao mpigapicha wa kutoka Berlin hana. Waarabu walitawala Palermo kuanzia mwaka 831 hadi Wanormani walipoiteka mwaka 1072, na lugha ya hapa bado ina mabaki yao, kama Kiswahili kilivyo na ya kwake. Mtu wa kuonewa huruma wanamwita mischinu. Sema maskini, uone nyuso zinavyogeuka. Zabibu zao za mvinyo mtamu zinaitwa zibibbo. Barabara kuu ya kale, ambayo ramani inaiita Corso Vittorio Emanuele, wenyeji wanaiita Cassaro, na asili yake ni neno lilelile la kasri. Nyuma yake kuna vichochoro vyenye vibao vya majina kwa Kiitaliano, Kiebrania na Kiarabu. Nimepata picha nyingi kwa kuanza na neno moja kati ya hayo kuliko kwa lenzi yoyote niliyonunua.

Sasa mwanga, kwa sababu hapa utakosea. Soko la Capo na mabaki ya soko la Vucciria hufunikwa na maturubai mekundu. Ukiingia chini yake kila kitu kinakuwa chekundu: samaki anapendeza, na ngozi ya mtu mweusi inageuka rangi ya tofali. Usiiachie kamera ijiamulie rangi. Piga RAW, yaani faili ghafi, beba kadi ya kijivu ya kusawazishia rangi, na ukiweza msogeze mtu hatua mbili hadi ukingo wa turubai, pale mwanga wa mbingu unapomgusa shavu moja. Kosa la pili ni kuta. Mawe ya hapa ni ya manjano hafifu, jua la saa saba linayafanya yang'ae, na kipima mwanga kikiuona ukuta kinatia giza picha nzima, hivyo mtu wetu aliyesimama mbele yake anakuwa kivuli chenye macho. Ongeza hatua moja ya mwanga, wakati mwingine moja na nusu, na uukubali ukuta uungue kidogo. Nimeona albamu za harusi za Waghana na Wanaijeria wa mji huu ambamo bwana harusi hana sura. Aliyepiga hakuwa na nia mbaya, alizoea ngozi nyingine. Hapo ndipo jicho lako litakapohitajika, na ulipwe kwa ajili yake bila kuona haya.

Siku upepo wa scirocco unapovuma kutoka Sahara, anga huwa la njano na vumbi huingia kila mahali. Usibadili lenzi nje siku hiyo.

Makaratasi. Ukiingia kwa viza ya muda mrefu una siku 8 za kazi kuomba permesso di soggiorno, yaani kibali cha kuishi. Maombi mengi, pamoja na ya masomo na ya kazi, unachukua bahasha posta, unajaza, unabandika stempu ya serikali ya euro 16, unapewa risiti na tarehe ya kwenda polisi kuchukuliwa alama za vidole. Risiti hiyo itunze kama roho, utaishi nayo miezi. Namba ya kodi, codice fiscale, hutolewa bure. Anayekutaka fedha kwa ajili yake mkwepe. Ukija kama mwanafunzi, kibali chako kinakuruhusu kazi ya saa 20 kwa wiki, basi usijiahidi harusi za kila Jumamosi kabla hujajua unasimama wapi kisheria. Na utembee na kibali chenyewe mfukoni. Nimesimamishwa na kamera shingoni, mara moja nikaulizwa nimeitoa wapi. Nilionyesha kibali na risiti ya duka niliyonunulia, nikajibu taratibu, nikaachiwa. Moyo uliniuma hadi usiku. Tangu hapo namba za kamera na lenzi zangu zimo kwenye simu, pamoja na picha za risiti.

Ukiamua kujiajiri utafungua partita IVA, yaani namba ya VAT ya aliyejiajiri. Tafuta mhasibu, wanaitwa commercialista, kabla ya kutafuta wateja. Wengi wetu tuko kwenye mfumo wa kodi uitwao forfettario, wenye kikomo cha mapato ya euro 85,000 kwa mwaka. Kodi yake ni asilimia 15, na anayeanza shughuli mpya akitimiza masharti hulipa asilimia 5 kwa miaka 5 ya mwanzo, tena inakatwa kwenye sehemu tu ya mapato. Kwa mpigapicha ni asilimia 78 yake. Unaposikia hivyo unafurahi. Mimi nilifurahi, nikapanga bei zangu kwa hesabu hiyo. Kisha ikaja michango ya hifadhi ya jamii, INPS. Mpigapicha mwenye studio au anayepiga harusi mara nyingi huandikishwa kama fundi, artigiano, na fundi hulipa mchango wa chini kwa mwaka hata akiingiza kidogo. Ni zaidi ya euro 4,000 kwa awamu nne, na ipo nafuu kwa walio forfettario ambayo lazima uiombe mwenyewe. Sikuiomba mwaka wa kwanza kwa sababu sikujua ipo. Muulize mhasibu swali hilo siku ya kwanza, na uulize pia kama kazi yako inafaa kuandikishwa kwa njia nyingine. Ankara siku hizi ni za kielektroniki kwa kila mtu tangu Januari 2024, na ikizidi euro 77.47 bila VAT unaongeza stempu ya euro 2.

Kinacholisha wapigapicha hapa ni familia. Mei ni mwezi wa komunyo ya kwanza, kiangazi ni harusi, na mwaka mzima kuna ubatizo na sherehe ya kutimiza miaka 18, ambayo kwa Wasisilia ni kama harusi ndogo. Siku ya harusi inaanza nyumbani kwa bibi harusi asubuhi, inapita kwa bwana harusi, kanisani, bustanini au ufukweni, inaishia ukumbini baada ya saa sita usiku. Anza kama mpigapicha wa pili. Vaa nguo nyeusi safi, kadi mbili ndani ya kamera, na kabla ya misa mwendee padri umuulize usimame wapi. Lakini msaidizi naye alipwe. Studio moja ilinitumia majira mazima ya kiangazi, fedha yangu nikaipata baada ya miezi mitano, kwa vipande, huku kodi ya nyumba ikinidai. Sasa siendi bila arbuni, wao wanaiita acconto, na makubaliano ya maandishi hata kama ni ya mistari minne. Agosti usiitegemee kwa kazi za ofisi na kampuni: kuelekea tarehe 15, sikukuu ya Ferragosto, hata barua pepe hazijibiwi.

Sheria ya picha za watu ni namba 633 ya mwaka 1941, na bado inafanya kazi. Sura ya mtu haionyeshwi wala kuuzwa bila ridhaa yake, isipokuwa kama ni mtu mashuhuri, au picha inahusu tukio lililofanyika hadharani, na hata hapo usimvunjie heshima. Beba fomu za ridhaa, liberatoria, kwa Kiitaliano, Kifaransa na Kibangla, maana Ballarò ya leo ina Wabangladeshi wengi. Mtoto usimpige bila mzazi. Nasema hivyo bila kuweka "lakini".

Kuna simu moja utapigiwa. Mhariri wa mbali atataka picha za watu wanaoshuka melini bandarini, na atakutaka wewe kwa sababu ya rangi yako, akidhani utaingia kwa urahisi. Miaka ile ya mwanzo meli za uokoaji zilikuwa zinatia nanga Palermo mara kwa mara. Nilikwenda mara mbili. Mara ya pili kijana mmoja aliyefunikwa blanketi la foili alinitazama kama anayemtambua ndugu, kisha akaiona kamera, akageuza uso. Simlaumu anayefanya kazi hiyo. Inapaswa kufanywa, tena vizuri. Ila niliona kwamba nikiifanya peke yake, Waafrika wa mji huu watabaki kwenye picha zangu wakiwa wamelowa maji milele. Nikamtafuta kinyozi wa Ballarò, fundi cherehani wa Kisenegali, kwaya ya kanisa la Kighana siku ya mavuno. Picha hizo zinauzwa polepole. Ndizo ninazozisafisha kubwa.

Nenda kwenye eneo la utamaduni liitwalo Cantieri Culturali alla Zisa, kwenye kituo cha kimataifa cha picha alichokianzisha Letizia Battaglia mwaka 2017. Mama huyu alizaliwa Palermo mwaka 1935, akafariki 2022. Kwa miaka mingi alipigia gazeti la L'Ora mauaji ya mafia, na kati ya maiti na maiti alipiga wasichana wa mitaa ya kimaskini wakitazama kamera bila woga. Simama mbele ya picha zake kwa muda, uangalie alivyokuwa karibu. Hakuna lenzi ndefu inayofanya vile.

Mwulize mzee yeyote habari za San Benedetto il Moro pia. Ni mtoto wa watumwa Waafrika, alifariki hapa mwaka 1589 akiwa mtawa, na tangu mwaka 1652 ni mmoja wa wasimamizi wa mji. Kuna bibi aliyekataa picha yangu kwa mwaka mzima. Nilipomuuliza habari za mtakatifu huyu alinivutia kiti.

Ukifika kabla ya Septemba, usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 nenda chini ya Monte Pellegrino. Watu hupanda mlima kwa miguu hadi pango la Santa Rosalia, wengine peku, na pamoja nao utawaona Watamili wa Palermo, wengi wao Wahindu, wakipeleka nadhiri kwa mtakatifu huyohuyo. Zima flashi. Chukua lenzi ya milimita 35, maji lita mbili, na viatu vya soli isiyoteleza kwa sababu mawe ya njia ile yamelainishwa na karne za miguu. Tembea nao hadi juu kabla hujainua kamera, na uandike anwani za uliowapiga, maana wiki inayofuata utakuwa na karatasi za kupeleka.