Ukija Poland, usimwulize mtu nani mbaya zaidi kati ya Mjerumani na Mrusi

Vijana wetu wanaokuja kusoma Poland huniuliza mara kwa mara: hawa watu wanawachukia nani zaidi, Wajerumani au Warusi? Nimeishi Warsaw vya kutosha kulisikia swali hilo likiulizwa mezani, na nimeona wenyeji wanavyokunja uso. Usiulize hivyo. Uliza familia ya mwenzako ilikuwa wapi mwaka 1939.

Mwaka huo nchi iligawanywa. Ujerumani iliingia kutoka magharibi tarehe 1 Septemba, na Umoja wa Kisovieti ukaingia kutoka mashariki tarehe 17, kwa makubaliano ya siri waliyotiliana saini Moscow mwezi Agosti. Ndiyo maana familia ya Poznań, mji wa magharibi, na familia ya Lwów, mji wa mashariki ambao leo ni Lviv nchini Ukraine, hazisimulii vita ile ile. Wa Poznań watakwambia Wajerumani waliwafukuza kwenye nyumba zao na kufunga shule zao. Wa Lwów watakwambia juu ya askari wa Kisovieti kugonga mlango usiku, kisha mabehewa ya mizigo hadi Siberia au Kazakhstan.

Sisi tuliotoka Arusha tunawajua hawa wa pili hata kama hatukufundishwa hivyo. Wapoland wapatao 5,000 waliowekwa Tengeru kuanzia 1942, wengi wao wanawake na watoto, walikuwa watu waliohamishwa na Wasovieti. Makaburi yao yapo pale hadi leo. Vita ilipokwisha wengi hawakuwa na pa kurudi, kwani maeneo yao yalikuwa yamemegwa na kuingizwa katika Umoja wa Kisovieti.

Kwa idadi ya waliouawa, Ujerumani haina mfano. Raia wa Poland wapatao milioni 6 waliangamia, karibu nusu yao Wayahudi, na sehemu kubwa kabisa waliuawa na Wajerumani. Hata hivyo, uchungu ninaousikia zaidi siku hizi ni dhidi ya Moscow. Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba maovu ya Wajerumani yaliruhusiwa kuombolezwa hadharani, na ya Wasovieti yalifungiwa midomoni, kwani baada ya vita Poland ilitawaliwa na wakomunisti waliokuwa chini ya Moscow.

Chukua Katyń, msitu ulioko Urusi. Mwaka 1940 polisi wa siri wa Stalin waliwaua Wapoland karibu 22,000: maofisa wa jeshi, polisi, na miongoni mwao madaktari na walimu. Makaburi yalipofichuliwa 1943, Moscow iliwasingizia Wajerumani, ikashikilia uongo huo hadi kiongozi wa Kisovieti, Gorbachev, alipokiri mwaka 1990. Fikiria mjane anayejua aliyemuua mumewe, na kwa zaidi ya miaka arobaini serikali ya nchi yake mwenyewe inamkataza kumtaja. Warsaw nayo iliinuka dhidi ya Wajerumani tarehe 1 Agosti 1944, ikapigana siku 63, huku Jeshi Jekundu la Wasovieti likisimama ng'ambo ya mto Vistula. Kila mwaka tarehe hiyo, saa kumi na moja jioni, ving'ora hulia na magari husimama. Simama nawe.

Kwa upande wa Ujerumani kulikuwa na hatua za kupatana. Mwaka 1965 maaskofu wa Poland waliwaandikia wenzao wa Ujerumani kwamba wanasamehe na wanaomba msamaha, jambo lililowaudhi sana watawala wa kikomunisti. Mwaka 1970 Willy Brandt, kansela wa Ujerumani Magharibi, alipiga magoti mbele ya mnara wa mashujaa wa geto la Warsaw, mtaa ambamo Wajerumani waliwafungia Wayahudi. Lakini usidhani hesabu imefungwa: mwaka 2022 serikali ya Poland iliidai Ujerumani fidia ya zloty trilioni 6.2, na ukiligusia jambo hilo utakuta hata watu wa nyumba moja wanabishana vikali.

Mambo mawili ya kushika. Auschwitz ilikuwa kambi ya mauaji ya Wajerumani katika ardhi waliyoivamia. Ukiiita ya Kipoland utakuwa umewabebesha waathirika kosa la muuaji. Pili, usimwanzie mzee mazungumzo kwa Kirusi kwa kuwa tu umesikia wazee wa hapa wanakijua. Ni kweli wengi wanakijua, kwa sababu walilazimishwa kukisoma shuleni. Anza na Kipoland chako kibovu. Ukikwama, mwache mwenyewe achague lugha ya kukusaidia.