Rudisha hilo godoro chumbani, mkuu

Nimesoma uzi wako mara mbili. Mtoto ana wiki 3, analia usiku kucha, shemeji ananuna na kulia bila sababu, na wewe umebeba godoro ukahamia sebuleni "ili asubuhi niwe fiti kazini". Halafu unauliza mambo manne kwa mpigo: stress, maji ya chango, mama mkwe aje au asije, na maziwa ya kopo. Hayo mengine yatasubiri. Godoro kwanza.

Mimi nililibeba kabla yako. Kwangu mama mkwe alikuja kwa arobaini, akalala chumbani na mzazi, mimi nikapelekwa sebuleni kwa heshima zote. Hapo hakuna kosa. Kosa ni kwamba arobaini iliisha, mama mkwe akafunga virago akarudi Tanga, na mimi nikabaki sebuleni kama mpangaji.

Kilichonibakiza ni mzee mmoja wa kazini. Nilimweleza nataka kurudi chumbani lakini mtoto analia. Akacheka. "Kijana, mtoto mchanga ni wa mama yake mpaka atembee. Wewe linda usingizi, ndio ugali wa nyumba." Ana watoto 7 na anatamba kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kumwamsha. Nikamwona bingwa. Ilinichukua muda kujiuliza hao saba walikuwa wanasikiwa na nani. Mpaka leo nikimkuta kwa mama ntilie nahama benchi, ingawa ni mkarimu na chapati ananunua.

Sasa ona nilivyokuwa mjinga. Kila asubuhi namuuliza mama watoto, "Mmelalaje?" Anajibu, "Salama." Mtu kanyonyesha mara tano, kabadilisha nepi, kabembeleza mpaka adhana ya alfajiri, ananijibu salama, na mimi naamini! Nakunywa chai yangu, naondoka. Jioni nikikuta vyombo vya asubuhi bado viko kwenye beseni, nanuna. Ndiyo, mimi ndiye niliyekuwa nanuna.

Siku ya 16 tangu mama mkwe aondoke, saa 9 usiku, nikaamshwa na kilio. Nikasubiri kinyamazishwe. Dakika zikaenda. Nikainuka na hasira zangu, na sentensi nilikuwa nayo tayari mdomoni: "Huyo mtoto hanyamazishwi?" Nashukuru sikuitoa. Mtoto alikuwa katikati ya kitanda ndani ya chandarua, mwekundu kwa kulia. Mama yake amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mbali kabisa na kitanda. Mkononi ana nepi ya kitambaa, anaikunja pembetatu, anaikunjua, anaikunja tena. Hakuniangalia. Akasema, "Nimemweka pale kwa sababu naiogopa mikono yangu."

Nikamchukua mtoto. Ana wiki 8 na sikuwa najua shingo yake inashikwaje. Nilimfunga pampasi mbele nyuma, akaniloweka mpaka soksi. Usiulize kwa nini nilikuwa na soksi saa 9 usiku, Dar.

Ungedhani asubuhi tulikwenda hospitali. Wapi! Shangazi yangu akatangaza kwamba ni zongo, na siku 9 zikaishia kwenye makombe na mafusho. Tulipofika kliniki hatimaye, nesi alimuuliza mke wangu maswali mengi kwa upole, mimi nikaambiwa nikae nje. Akaniita baadaye. Alisema ile ni sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) ya baada ya kujifungua, kwamba machozi ya siku za mwanzo huwapata wazazi wengi na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki 2, yakiendelea siyo uchovu tena wala siyo deko. Alisema mke wangu alifanya jambo la akili kumweka mtoto mahali salama na kukaa mbali, kwa sababu mtoto mchanga akitikiswa kwa hasira ubongo unaumia, hata kufa anakufa. Kisha akaniuliza, "Baba ulikuwa wapi?" Nikajibu sebuleni. Hakuongeza neno.

Matibabu yalichukua miezi. Cherehani yake ilifunikwa kanga muda wote huo, wateja wakahamia kwa fundi wa mtaa wa pili, na wengine hawajarudi. Usingizi wangu niliokuwa naulinda ndio ulitugharimu hivyo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja tu: ndani ya saa 24, kila mmoja wenu apate saa 5 za kulala mfululizo. Mfululizo, siyo vipande. Mtoto wa pili tulifanya hivi. Saa 3 usiku mama ananyonyesha, anaingia kulala chumba kingine (sasa sebule ikawa yake!), mimi nashika zamu mpaka saa 8. Mtoto akiamka nampa kwa kikombe maziwa ya mama yaliyokamuliwa, tuliyoyaweka kwenye friji. Namcheulisha, nambadilisha, tunatembea korido. Saa 8 namkabidhi, nalala mpaka saa 12, yaani saa moja pungufu ya kanuni yangu mwenyewe, nayo namalizia kwenye daladala. Nimepitilizwa kituo mara tatu, sijafa. Bosi alininunia, lakini bosi sheria imemwambia anipe siku 3 tu za uzazi, na hizo ziliishia kwenye foleni ya tangazo la kizazi.

Utasema utavumilia wiki moja mbili atulie. Mkuu, vilio vya watoto wachanga huongezeka mpaka karibu wiki ya 6, ndipo huanza kupungua kuelekea miezi 3 au 4. Wako ana wiki 3. Bado hujaona kitu. Na shemeji kama machozi yanaendelea mpaka sasa, wiki hii mpeleke kliniki, uende naye, usimtumie nauli.

Maji ya chango usimpe, chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu. Akipata joto la 38 usisubiri kukuche. Mama mkwe... aje, sijui, muulize shemeji kwanza. La nne nimelisahau, na huku mdogo kaamka na zamu ni yangu. Ukishalirudisha godoro andika hapa.