Makaa ya mawe na mkopo wa semi: jibu kwa mleta mada

Mkuu, umeuliza mawili kwa mpigo: makaa ya mawe yana maisha gani wakati Ulaya wanafunga mitambo yao, na je, kaka yako achukue mkopo anunue kichwa na tela aingie kwenye mzigo wa Mbinga kwenda Mtwara? Wachangiaji wengi wamelishika la kwanza tu. Kuna wanaosema makaa yamekwisha habari yake, na kuna wanaosema tujenge mitambo ya umeme Mchuchuma, kwenye makaa ya Ludewa mkoani Njombe, hata kesho. Mimi nimeendesha njia hiyo tangu mzigo ulipochanganya mwaka 2022, nimeshusha bandarini na nimeshusha viwandani, kwa hiyo naanzia huko.

Makaa ya Ngaka, mgodi wa huko Mbinga, hayaendi kuzalisha umeme. Yanaenda kwenye matanuri ya saruji, na mengine yanapanda meli. Wateja hawa wawili hawafanani hata kidogo, na anayewachanganya atakosea hesabu.

Kiwandani makaa husagwa yakawa unga, kisha hupulizwa ndani ya tanuri ambamo chokaa na udongo hupikwa kwenye nyuzi joto zipatazo 1,450 mpaka viwe klinka, yaani vidonge vigumu vinavyosagwa kuwa saruji. Jivu lake linaingia humohumo kwenye klinka, hakuna mlima wa jivu wa kutafutiwa shimo kama kwenye mtambo wa umeme. Mwaka 2016 serikali ilipozuia makaa kutoka nje, viwanda vilivyokuwa vikiagiza Afrika Kusini vikageukia Ruvuma. Mteja huyu yupo, na maadamu watu wanajenga ataendelea kuwepo. Ila ana kiasi chake. Hanunui zaidi ya saruji anayopika, na pale Mtwara kuna gesi ya Mnazi Bay inayoweza kumpunguzia mahitaji.

Mteja wa meli ndiye aliyetupagawisha. Vita ya Ukraine ilipoanza, Umoja wa Ulaya ukazuia makaa ya Urusi kuanzia Agosti 2022, na wanunuzi wakahangaika kila pembe ya dunia. Bei ya Newcastle, Australia, ambayo wafanyabiashara wengi huitazama, ilivuka dola 400 kwa tani. Hapo ndipo barabara ya Songea, Tunduru, Mangaka hadi Masasi ikajaa semi mchana na usiku. Mwisho wa 2023 bei hiyo ilikuwa chini ya dola 150. Kule mgodini unaweza usisikie chochote kuhusu bei kushuka, lakini dereva anasikia mapema: nauli inakatwa, unalala yadi ukisubiri kupakia, malipo ya mzigo ulioshusha yanapigwa danadana. Waliokuwa na marejesho ya benki kila mwezi waliumia sana, na baadhi niliowafahamu magari yao yalichukuliwa.

Kwa nini tunaumia haraka kuliko wengine? Kwa sababu ya barabara. Kutoka mgodini hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 700, na kila tani inapita juu ya matairi. Makaa ya Afrika Kusini kwa sehemu kubwa yanashuka kwa treni mpaka bandari ya Richards Bay. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay tumeisikia miaka na miaka. Bei ikiwa juu, mnunuzi anavumilia gharama zetu. Ikishuka, sisi ndio wa kwanza kuachwa.

Na makaa hayakai kama korosho ghalani ukisubiri bei ipande. Nilishusha siku moja bandarini nikakuta upande wa lundo unafuka moshi, na hakuna aliyeliwasha. Hewa ikipenya kati ya vipande, makaa yanapata joto yenyewe taratibu mpaka yanashika moto. Kijiko kilikuwa kinachota sehemu iliyochemka na kuitandaza chini ipoe, katapila linapanda juu ya lundo lililobaki kulishindilia ili hewa isipite. Harufu ya kiberiti ilikaa kwenye nguo zangu mpaka Masasi. Mfanyabiashara aliyechelewewa na meli analipia yadi, analipia mitambo, na mali yenyewe inaungua. Ndiyo maana bei ikitikisika wanasimamisha magari mara moja.

Sasa wa Mchuchuma. Akiba ya tani milioni 428 ni kweli, na mpango wa mtambo wa megawati 600 pamoja na chuma cha Liganga ulisainiwa na Wachina mwaka 2011. Hadi leo mtambo haujajengwa, na katikati hapo Bwawa la Nyerere limekamilika na megawati zake 2,115. Hoja ya ukame naiheshimu: mwaka 2024 bwawa la Kariba lilipopungukiwa sana maji, Zambia ilishikiliwa na mtambo wa makaa wa Maamba wa megawati 300, na sasa wanauongeza. Lakini sisi kinga ya ukame tunayo tayari, ni gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay. Halafu fedha zitoke wapi? China ilitangaza mwaka 2021 kwamba haitajenga tena mitambo mipya ya makaa nje ya nchi yake. Kule Lamu, Kenya, mtambo wa makaa uliopangwa ulipata kibali cha mazingira 2016, mahakama ya mazingira ikakifuta Juni 2019, na wafadhili wakaondoka. Uingereza, walikoanzia umeme wa makaa 1882, wamefunga mtambo wa mwisho Septemba 30, 2024.

Hata hivyo anayesema makaa yanakufa kesho hajaangalia Asia. China peke yake inatumia zaidi ya nusu ya makaa ya dunia, na India inaongeza. Soko lipo na litakuwepo kwa miaka. Tatizo ni kwamba bei yake haipangwi Mbinga.

Kwa hiyo linaloniuma mimi ni vijiji vya huko. Vumbi jeusi liko juu ya mabati, watoto wanakohoa, na wakulima wa kahawa wanapishana na semi kila dakika. Mrabaha na ushuru wa huduma unaingia sasa hivi. Madiwani waulizwe mwaka huuhuu umejenga zahanati gani na umechimba kisima wapi, kwa sababu meli zikikoma hakutakuwa na cha kudai.

Kuhusu kaka yako: asinunue tela la tipa. Linashusha haraka na yadi wanalipenda, lakini halibebi magunia. Achukue tela bapa lenye kuta za kufungua, ili akishusha makaa Mtwara apande na saruji ya Songea au salfa ya wakulima wa korosho, na msimu wa korosho ukifika apakie Tunduru au Masasi. Apige hesabu ya marejesho kwa mizigo hiyo peke yake, bila makaa. Marejesho yakitoshea, akope. Yasipotoshea, asubiri, na asikubali kupakia kwa mtu asiyetoa mkataba wenye tarehe ya malipo.

Kama ana ofa ya gari mkononi, weka hapa mwaka wa gari na riba ya benki, tuipigie hesabu pamoja.