Ndugu zangu wa mwani na nywele, someni hili kabla ya kushika pipeti

Tunapima kama dondoo ya mwani huotesha nywele, kwanza kwenye seli, kisha kwa panya. Nimeona tena sahani ya visima 96 (kibao cha vishimo vya kupimia seli) ikishangiliwa kabla matokeo yake hayajaulizwa swali hata moja. Jamani! Nawapenda, lakini kosa ni lile lile.

1. Mwani si mmoja. Spinosamu na kotonii, aina za mwani zinazoanikwa Paje, Zanzibar, huonekana za kahawia au kijani, lakini zote ni jamii ya mwani mwekundu, na mali yake ni karajinani, ute wa kugandishia. Florotanini, kemikali tunazozitafuta kwa ajili ya nywele, kama diekoli ya mwani Ecklonia cava wa kisiwa cha Jeju, Korea, zimo kwenye mwani wa kahawia tu. Kwetu tafuteni mwani wa kahawia kama Sargassum au Turbinaria.

2. Suuza chumvi kwa maji matamu, anika kivulini, saga, kisha loweka gramu 1 kwa mililita 10 za ethanoli ya asilimia 70.

3. MTT, rangi ya kupimia kama seli zi hai. Hapa ndipo tunapoumia. Mmefundishwa kwamba seli hai hugeuza MTT ya njano kuwa zambarau. Kweli, ila florotanini nazo huigeuza, hata kisimani mkiwa hamna seli. Basi ukizidisha dondoo, zambarau inakolea, usomaji wa mashine kwa mwanga wa nanomita 570 unapanda, nawe unaandika kwamba seli za papila (zilizo kwenye shina la unywele) zimeongezeka. Pengine nusu yake zimekufa, na rangi bado inazisifu! Miezi ya kazi hupotea hivyo. Kwa kila kipimo cha dondoo tengeni visima vitatu vyenye midia (maji ya kulishia seli) na dondoo bila seli. Vikigeuka zambarau, mmejua ni dondoo, si seli. Kabla ya MTT, nyonyeni midia yote, suuzeni kwa PBS (maji ya chumvi ya kusuuzia seli) mara mbili, ncha ya pipeti ikigusa ukuta wa kisima, maana ukimwagia katikati seli zinabanduka na kuondoka na maji. MTT iwe miligramu 0.5 kwa mililita, saa 3 hadi 4. Halafu hesabuni seli zenyewe kwa tripani buluu, rangi inayoingia seli zilizokufa tu. DMSO, kiyeyusho cha dondoo, isizidi asilimia 0.1 kisimani, na visima vya kulinganishia vipate kiasi hicho hicho.

4. Panya wa C57BL/6, panya weusi wa maabara, wawe wa wiki 7, ngozi ya waridi, nywele zimepumzika. Nyoeni kwa mashine. Nta hung'oa nywele, na kung'oa kwenyewe huamsha vinyweleo: ngozi inageuka kijivu, kisha nyeusi, hata kwa panya aliyepakwa maji matupu. Kundi la kulinganishia la minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, lisikosekane.