Maswali ya Wasomaji: Kabla Mlipuko Haujabisha Hodi

Safari hii tunajibu maswali manne kuhusu namna idara za afya za wilaya zinavyojiandaa kwa magonjwa hatari kama Ebola na Marburg.

Swali: Nipo kwenye kamati ya maafa. Kila kikao tunasomewa idadi ya glovu, barakoa na mabuti yaliyopo stoo. Nitajuaje kama idara imejiandaa kweli?

Jibu: Stoo iacheni kwanza. Ulizeni mgonjwa wa kwanza atajulikanaje. Kuna kipimo kinachoitwa 7-1-7: siku 7 za kuugundua mlipuko, siku 1 ya kutoa taarifa, na siku 7 za kukamilisha hatua za mwanzo za kuudhibiti. Siku hizo huliwa na mambo madogo. Muuguzi wa zamu kapokea mtu mwenye homa anayetokwa na damu, ni saa nane usiku, na namba iliyobandikwa ukutani ni ya afisa aliyekwisha kuhamishwa. Akipata wa kupokea simu, ufunguo wa chumba cha kumtenga mgonjwa anao mtu mmoja tu, naye kasafiri. Gari lipo, lakini fomu ya mafuta inasubiri saini.

Kwa hiyo ombeni jaribio: simu ipigwe usiku bila kutangazwa, zihesabiwe dakika mpaka timu iwe njiani. Kisha ulizeni kama mkuu wa idara ana fungu analoweza kulitumia siku hiyohiyo bila kungoja kikao.

Swali: Kituoni kwetu kila mtu anachanganya klorini kwa kukadiria. Vipimo sahihi ni vipi?

Jibu: Kukadiria ni hatari kuliko watu wanavyodhani: dawa ikiwa hafifu haiui virusi, ikiwa kali inachubua ngozi, na ngozi iliyochubuka ni mlango. Mnahitaji dawa ya aina mbili. Ya asilimia 0.5 ni ya sakafu, vitanda, mabuti na majimaji ya mgonjwa yaliyomwagika. Ya asilimia 0.05 ni ya kunawia mikono pale ambapo hakuna maji na sabuni wala kitakasa mikono.

Angalieni kwanza lebo ya kopo. Unga wa klorini wa asilimia 70 unahitaji gramu 7 kwa kila lita, yaani takriban gramu 140 kwa ndoo ya lita 20. Ukiwa wa asilimia 65, tieni gramu 155 hivi. Kwa klorini ya maji ya asilimia 5, sehemu moja ya dawa huenda na sehemu tisa za maji. Ya mikono mnaipata kwa kuchukua sehemu moja ya dawa ya asilimia 0.5 iliyokwisha kuchanganywa na kuongeza sehemu tisa za maji. Unga ndio unaotiwa kwenye maji, si maji kwenye unga. Tumieni ndoo ya plastiki, koroga kwa kijiti, acheni itulie nusu saa, kisha mchote maji ya juu. Yale machicha huziba bomba la kupulizia.

Makosa ni yaleyale kila mahali. Ndoo inaachwa juani na nguvu inapotea. Changanyeni upya kila siku na muandike tarehe na kipimo ubavuni. Dawa inamwagwa juu ya damu na kupanguswa papo hapo, wakati uchafu huimeza klorini: pangusa kwanza, ndipo utie dawa na uiache angalau dakika 10. Kumpulizia mtu dawa mwilini hakufai hata kidogo.

Swali: Kwa nini waliokaribiana na mgonjwa hufuatiliwa siku 21, na mbona hesabu zinagombana?

Jibu: Dalili za Ebola hutokea kati ya siku 2 na 21 tangu kuambukizwa. Hesabu huanzia siku ya mwisho mtu alipokaribiana na mgonjwa, siyo siku jina lake lilipoandikwa wala siku majibu ya maabara yalipotoka. Aliyemgusa mara ya mwisho tarehe 3 anamaliza tarehe 24. Akimgusa tena, au akikaribiana na mgonjwa mwingine, anaanza upya. Jambo jingine linalochanganya watu: sampuli iliyochukuliwa ndani ya siku 3 za mwanzo wa dalili inaweza kuonyesha hakuna ugonjwa ilhali upo. Ni lazima irudiwe saa 72 zikishapita tangu dalili zianze.

Idara nyingi hukosea kwenye idadi ya wafuatiliaji. Mgonjwa mmoja mwenye watu 50 waliomkaribia anadai ziara 1,050. Mfuatiliaji akimudu nyumba 10 kwa siku, mnahitaji watano, msimamizi, na wa akiba. Nigeria mwaka 2014 ilikuwa na wagonjwa 20 tu, lakini ilifuatilia watu 894 kwa ziara zipatazo 18,500. Iliweza kwa sababu ilitumia wataalamu na mfumo wa dharura uliokwisha kujengwa kwa ajili ya polio.

Swali: Tumefanya zoezi la mezani, yaani tumejadili mlipuko wa kubuni kikaoni, kila mtu akaeleza jukumu lake. Linatosha?

Jibu: Linafichua mkanganyiko wa nani anaamua nini, basi. Halifundishi mikono. Hatari kubwa ipo wakati wa kuvua mavazi ya kinga: mtu katoka jasho, kachoka, miwani imejaa ukungu, anajifuta uso kwa glovu. Mazoezi yafanyike kwa mavazi kamili, na mwenzake asimame pembeni akimsomea hatua moja baada ya nyingine kwa sauti. Glovu za ndani hubaki mpaka hatua za mwishoni. Pakeni rangi kwenye glovu na aproni kabla ya kuanza; akimaliza kuvua, tafuteni ilipohamia. Mtaanza kuiona shingoni.