Maswali ya Wasomaji: Boki, Kosa la Mrushaji

SWALI: Katika mechi ya besiboli ya ligi kuu ya Marekani, mrushaji wa mkono wa kushoto alijifanya anarusha beisi ya kwanza, asirushe. Mwamuzi akasimamisha mchezo, akaita boki, na mkimbiaji akapewa beisi ya pili bure. Siku nyingine mrushaji akapiga chenga hiyohiyo kuelekea beisi ya pili, kimya! Waamuzi huangalia nini hasa?

JIBU: Miguu, kabla ya mkono. Maadamu mguu wa egemeo unagusa kibao cheupe cha raba anachorushia (sentimita 61 kwa 15), mrushaji hana uhuru. Akielekea beisi ya kwanza lazima arushe kweli. Chenga ya beisi ya tatu nayo ilipigwa marufuku mwaka 2013. Imebaki ya pili tu, na hata huko apige hatua kuielekea moja kwa moja. Kwa hiyo maamuzi yote mawili yalikuwa sahihi.

Utata uko kwenye hiyo hatua. Kanuni haitaji nyuzi, ila waamuzi wengi hujichorea kichwani mstari wa nyuzi 45 kati ya kituo cha mpigaji na beisi ya kwanza. Mguu huru (ule usio wa egemeo) ukitua upande wa mpigaji, ni boki. Warushaji wa kushoto hupenda kuuchezea mstari huo, ndiyo maana makocha hubishana sana hapo. Na mguu huru ukishavuka ukingo wa nyuma wa kibao, amrushie mpigaji au arushe beisi ya pili. Ya kwanza basi tena.

Mkimbiaji akiwapo, mrushaji akishakutanisha mikono lazima atulie tuli kabla ya kurusha. Mwaka 1988 waamuzi walikaza hapo, boki zikapita 900 msimu mmoja.

Nia hupimwa pale tu mwamuzi anapokuwa na shaka. Mpira ukimponyoka mrushaji kibaoni, ni boki hata kama hakukusudia.

SWALI: Na beisi zikiwa tupu?

JIBU: Hakuna boki.

SWALI: Afanyeje awe salama?

JIBU: Autoe kwanza mguu wa egemeo nyuma ya kibao. Hapo anahesabika mchezaji wa ndani, kama walinzi wengine wa beisi, apige chenga atakako. Lakini akirusha mpira ukatoka nje ya uwanja, wakimbiaji hupata beisi mbili. Angekuwa kibaoni, moja. Tena tangu 2023, ligi kuu inaruhusu kutoka kibaoni au kujaribu kumnasa mkimbiaji mara mbili kwa kila mpigaji. Mara ya tatu isipomtoa mtu, boki. Hesabu huanza upya mkimbiaji akisonga beisi.