Mafuriko ya 2024 hayakumaliza ukame Kenya

Ndugu umeuliza mbona watu wa kaskazini bado wanalia ukame wakati 2024 mafuriko yalibeba mpaka nyumba. Mvua kunyesha ni kitu kimoja, udongo kushika maji ni kingine kabisa. Kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua mfululizo ilifeli kule Turkana, Marsabit, Wajir, Mandera, na wanasayansi wa World Weather Attribution, kundi linalopima mabadiliko ya tabianchi yamechangia kiasi gani kwenye majanga ya hali ya hewa, walipopiga hesabu 2023 wakakuta mabadiliko ya tabianchi yameongeza uwezekano wa ukame ule karibu mara 100, na kikubwa zaidi ni joto linalonyonya maji ardhini. Sasa udongo ukishakauka hivyo na nyasi zimeisha, juu panafanya gamba gumu, mvua ya fujo ikipiga maji yanateleza tu yanaingia laga, yaani mto wa msimu, yanaenda zake, ukipiga jembe kesho yake chini kidogo tu unakuta vumbi. Halafu mvua ndefu za Machi hadi Mei zilianza kupungua tangu miaka ya 80, hapo ndo mfugaji anaumia kabisa. Milimita za mvua pekee hazitoshi kaka, uliza pia udongo umebaki na unyevu siku ngapi.